Maji ni Maji: Maisha ya Wakili Akua Serwaa Bediako

Mchungaji Tetteh, mgane wetu Mwalimu Kofi Adusei, watoto na wajukuu, wazee wa jumuiya ya Waghana mliotoka mji mkuu alfajiri na barabara imejaa theluji, wenzetu wa kiwandani wa zamu zote, majirani, na wageni wetu wa serikali mlioketi mstari wa tatu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Kwabena Sarpong, mtoto wa mdogo wa kike wa marehemu, na kwa sisi Waasante mtoto wa dada ni mtoto wa kumzaa, kwa hiyo kazi hii ya kusoma sikuombwa, niliamriwa. Najua miguu yenu inahisi baridi, maana chini ya mbao hizi mlizokanyaga kuna barafu ambayo watoto huchezea mpira wa magongo, na kabla sijasema marehemu alizaliwa lini, niacheni niseme kwa nini tumekusanyika hapa Halvorsen, kwenye uwanja wa barafu, na si kwenye ukumbi wa Bunge la jimbo wenye marumaru na joto la kutosha.

Ukumbi ule tulipewa. Tuliahidiwa pia bendera ishushwe nusu mlingoti, na Waziri Mkuu wa jimbo aje azungumze, na yote hayo tuliyashukuru, mpaka kijana mmoja mpole wa itifaki alipompigia simu mgane na kumwomba, kwa adabu kabisa, kwamba katika historia ya marehemu familia iseme alitoka kwenye baraza la mawaziri kwa hiari yake, ili apate muda zaidi na familia. Mwalimu Kofi, ambaye kwa karibu miaka arobaini ya ndoa hakuna aliyemsikia akipandisha sauti, alimwambia, "Mwanangu, hiyo familia ndiyo mimi, na huo muda sikuuona," akakata simu. Ndiyo maana tuko hapa juu ya barafu, na ndiyo maana historia hii nitaisoma yote.

Marehemu Akua Serwaa Bediako alizaliwa Jumatano, siku inayowapa wasichana wetu jina la Akua, tarehe 14 Machi 1956, Asante Mampong, nchini Ghana, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Opanyin Kwame Bediako, mnunuzi wa kakao, na marehemu Maame Yaa Serwaa, muuza vitambaa, mama aliyekuwa na mdomo ulioheshimiwa na soko zima, nasi tunajua marehemu aliurithi wapi mdomo wake. Siku ya nane, kama ilivyo ada, alitolewa nje asubuhi akapewa jina, na mjomba wa mama yake akachovya kidole ndani ya maji, akamdondoshea kwenye ulimi, akasema, ukisema ni maji, yawe maji, kisha akachovya kwenye pombe kali ya jini, akamdondoshea tena, akasema, ukisema ni pombe, iwe pombe. Mtoto akakunja uso, watu wakacheka, wakanywa iliyobaki. Wengi wetu humu tulifanyiwa vivyo hivyo, tukakunja uso, tukakua, tukasahau. Yeye hakusahau, na matatizo yake yote na yetu yalianzia hapo.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1962 katika shule ya misheni pale pale Mampong, ambako siku moja alikuja mkaguzi, akauliza mbele ya darasa kama watoto wanapata uji kila asubuhi, mwalimu mkuu akaitikia kwamba wanapata, na mtoto wa miaka kumi akanyoosha mkono akasema jana hawakupata, na juzi hawakupata. Alichapwa, na juma lililofuata uji ulikuwepo. Bibi yetu alipenda kuisimulia hadithi hiyo, na kila mara aliimalizia kwa kusema kwamba uji ule ulinywewa na shule nzima lakini viboko vilikuwa vya Akua peke yake, basi ninyi mnaomshangilia mwanangu mkumbuke hilo.

Mwaka 1969 aliingia sekondari ya wasichana mjini Kumasi, akamaliza kidato cha sita mwaka 1976, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, na Novemba 1981 akaapishwa kuwa wakili mjini Accra, wiki chache tu kabla wanajeshi hawajachukua nchi, yaani alivaa joho la sheria wakati sheria yenyewe inavuliwa nguo. Alirudi Kumasi akawatetea akina mama wa soko waliokamatwa kwa kuuza vitambaa juu ya bei iliyopangwa, akashinda kesi chache, akashindwa nyingi, na hakuna mama hata mmoja aliyesimama mahakamani peke yake.

Tarehe 18 Agosti 1984, mjini Kumasi, alifunga ndoa na Mwalimu Kofi Adusei, mwalimu wa hisabati. Wakwe walipoleta vinywaji, na mabinti wakamuuliza bibi harusi mara tatu, kama ilivyo desturi, iwapo vipokelewe, mara ya kwanza alisema vipokelewe, mara ya pili alisema vipokelewe, na mara ya tatu akasema, "Pokeeni, lakini jina langu la Bediako halimo kwenye mahari." Wazee wa upande wa pili walitazamana, Mwalimu Kofi akacheka, na kicheko kile ndicho kilichoiweka ndoa hii mpaka juzi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Yaw, aliyezaliwa 12 Septemba 1985, Afia, aliyezaliwa 8 Mei 1987, wote wawili mjini Kumasi, na Adwoa, aliyezaliwa hapa Halvorsen tarehe 11 Juni 1990.

Familia ilitua Toronto tarehe 9 Novemba 1988, na Februari iliyofuata ikaja huku kwenye tambarare, kwa sababu kiwanda cha nyama cha Halvorsen kilikuwa kinaajiri mtu yeyote mwenye mikono miwili. Wakili wa Mahakama Kuu ya Ghana alivaa buti nyeupe na glovu ya nyuzi za chuma, akasimama kwenye meza ya kukatia mabega ya ng'ombe, na akasimama hapo miaka miwili na nusu, akiwa na mimba na akiwa hana, mpaka kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kikagoma kunyooka asubuhi. Kuna waliopenda kuisimulia sehemu hii kwa huruma, maskini wakili akata nyama, naye huruma hiyo hakuitaka hata kidogo, alisema pale mezani ndipo alipoisoma sheria ya kazi, na chuoni alikwenda kuchukua karatasi tu.

Karatasi hiyo aliifuata chuo kikuu cha mji mkuu tangu 1991 hadi 1993, kwa kuwa waliambiwa mawakili wa nje waanze upya, akaanza upya. Kisha akatafuta ofisi ya kumpokea kwa mwaka wa mafunzo, na ofisi kubwa zote zilimsifia Kiingereza chake zikamwonyesha mlango. Aliyempokea ni marehemu mzee Stig Lindqvist, wa hapa hapa mjini, mtu wa mirathi za wakulima na kesi za ng'ombe waliovuka ua, aliyemtazama kutoka juu ya miwani akamuuliza kama anaweza kuanza Jumatatu, naye akajibu, "Mimi ni mtoto wa Jumatano, lakini hata Jumatatu nitakuwepo." Aliapishwa kuwa wakili wa jimbo hili tarehe 23 Juni 1995, na mzee alipostaafu mwaka 1999 alimwachia ofisi, ile ya juu ya duka la matairi, pamoja na kiti kilichokuwa kinayumba na paka ambaye hakuwa wa mtu.

Mwaka huo huo ndio niliokuja mimi, nikalala sebuleni kwake, nikaingia kiwandani, na niko huko hadi leo. Nilimwona akipokea watu kutoka Manila, kutoka Sudan, kutoka Meksiko, na wakulima wa hapa ambao babu zao walikuja na mikokoteni, wote wakipanda ngazi zile zile zenye harufu ya mpira, na kwa wote alikuwa na swali moja la kwanza, niambie kilichotokea, si unachotaka kitokee.

Mwaka 2003 aligombea ubunge wa jimbo, akashindwa, mwaka 2007 akagombea tena, akashinda. Alipita nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba, na kule kaskazini bwana mmoja alimfungulia mlango nusu akamuuliza, "Unarudi kwenu lini?" naye akatazama saa yake akajibu, "Saa kumi na mbili, mume wangu anapika." Bwana yule alimpigia kura, na yuko hapa leo, hatutamtaja, lakini kofia yake tumeiona.

Tarehe 3 Novemba 2011 aliapishwa kuwa Waziri wa Kazi wa jimbo. Siku ile Waghana wa mji mkuu walijaza ngazi za Bunge kwa vitambaa vya kente na ngoma mpaka walinzi wakasahau kuwakagua, na Mzee Yaw Nsiah, mwenyekiti wa jumuiya, alisimama kwenye sherehe akakumbusha kwamba apandaye mti mzuri ndiye anayesukumwa, na kwamba sisi tumemsukuma binti yetu mpaka kileleni. Tulikula wali wa jollof hadi kesho yake. Hakuna aliyejua kwamba kileleni pale atakaa mwaka mmoja na nusu.

Sasa nafika mahali ambapo simu ile ilitaka nipite haraka, na mimi hapa nitapita kwa miguu.

Jumatano tarehe 3 Aprili 2013, hapa kiwandani, mashine ya kuchuna ngozi ilimvuta mwenzetu Rodel Macaraeg, baba wa watoto wawili, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Kinga ya mashine ile ilikuwa imetolewa muda mrefu ili mkanda uende kasi, sisi tulishasema, na mtu wa kumwambia hakuwepo, kwa sababu bajeti iliyopita ilikuwa imefuta nafasi za wakaguzi. Marehemu aliupinga mpango huo au aliunyamazia, hatujui, na tulipomuuliza alituambia kwamba kinachosemwa ndani ya baraza la mawaziri kina kiapo, na kiapo ni kiapo, akafa nacho. Wanaosema alikuwa mropokaji waliweke hilo kwenye mzani.

Siku ya nane baada ya mazishi ya Rodel, Jumatano tarehe 17 Aprili, ukafika wakati wa maswali Bungeni. Mnaokaa mle mnaijua desturi, upinzani huuliza wasichotaka kujua, waziri hujibu asichoulizwa, na wa upande wake hugonga meza kana kwamba amefunga goli. Mbunge mmoja akauliza kama kuna mkaguzi yeyote aliyeingia kiwanda cha Halvorsen ndani ya miaka miwili iliyopita. Marehemu alikuwa ameandaliwa jibu zuri, kwamba usalama wa wafanyakazi ni jambo la kwanza kwa serikali hii, kwamba marehemu Rodel huenda hakufuata maelekezo, na kwamba suala linafuatiliwa. Akasimama, akaliacha jibu hilo juu ya meza, akasema, "Mheshimiwa Spika, hapana. Hakuingia hata mmoja. Nafasi zao tulizifuta, na waziri ni mimi." Akakaa.

Wanasema mbunge mmoja wa nyuma, kwa mazoea tu, aligonga meza mara moja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akauficha mkono wake chini. Upinzani nao walipekua karatasi zao, maana walikuwa na maswali ya nyongeza ya kumbana asiyejibu, na aliyejibu hawakujua wamfanye nini.

Alasiri aliitwa ofisini kwa Waziri Mkuu wa wakati ule, na hayo alitusimulia mwenyewe, kwa kuwa ofisi si baraza. Alitakiwa arudi Bungeni kesho yake aseme alikosea takwimu. Akakataa. Waziri Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alichoka tu, akamwambia, "Akua, ungesema tunalifuatilia, yakaisha. Nani angekufa?"

"Rodel Macaraeg ameshakufa," akajibu.

Kabla ya chakula cha jioni waziri mwingine alikuwa ameapishwa, gari la wizara limechukuliwa, na taarifa imetoka kwamba Mheshimiwa Bediako ameng'atuka ili apate muda na familia. Familia ndiyo ilikuwa inasikia redioni. Mzee Lindqvist, akiwa na miaka themanini na tatu na macho ya kubahatisha, aliendesha gari lake la mizigo mpaka mji mkuu kumfuata, akamkuta amekaa kwenye ngazi zile zile za ngoma na kente, viatu vyake vya ofisini vikiwa ndani ya boksi, na walirudi usiku wote kwa mwendo wa ng'ombe, mzee akiendesha, marehemu akimsomea vibao vya barabarani.

Msidhani alipokelewa kwa nderemo. Wakubwa wa kiwanda walitangaza kwamba huenda kikafungwa, na baadhi yetu, watu tuliokula mezani kwake, tulisema amemwaga unga wa mji mzima. Mtu akaandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa duka la matairi, rudi kwenu. Marehemu alikitundika upya kibao cha ofisi yake kando ya maandishi hayo, bila kuyafuta, akisema ni mekundu, yanaonekana kutoka mbali, wateja hawatapotea njia. Na jumuiya yetu ya Waghana, waziri wetu wa kwanza, kiti chetu cha kwanza, ilimwita kikao, na Mzee Nsiah akamwambia wazi kwamba sisi tulikusukuma juu ya mti, wewe ukajiachia mwenyewe. Alimjibu kwa heshima zote na kwa jina tunalowaitia wazee, "Nana, mti ulikuwa umeoza. Ningekaa, ningeanguka nao, na ninyi mko chini yake." Kikao kiliisha bila kupatana, na hawakusemezana miaka miwili. Mzee Nsiah yuko hapa, ameniruhusu niyaseme haya, na leo asubuhi ni yeye aliyemmwagia marehemu chini maji ya njiani, yale ya kumuaga kwa safari.

Alimaliza muda wake wa ubunge akiwa amekalishwa karibu na mlango, panapoingia upepo, akavaa koti na akaendelea kuuliza maswali. Mwaka 2015 aligombea bila chama, akashindwa. Mwaka 2016, baada ya uchunguzi wa wazi uliotumia maneno yake yale machache kama ushahidi, wakaguzi walirudishwa, mashine zote zikavishwa kinga, na mjane wa Rodel, Bibi Marites, akapata haki yake bila mtu kumwambia tena kwamba mumewe alikuwa mzembe. Kiwanda hakikufungwa. Kinanuka mpaka leo, upepo ukigeuka mtakisikia.

Marehemu alianza kuugua Septemba 2021, akagundulika kuwa na kansa ya damu, akatibiwa mji mkuu kwa miaka miwili, na Desemba iliyopita aliomba arudishwe hospitali ya hapa, akisema hataki kufia mahali alipofukuzwa. Tarehe 17 Januari mwaka huu Afia alijifungua binti, siku ya Jumatano, na tarehe 24 tulimpa jina wodini, kando ya kitanda cha bibi yake, naye akataka kumdondoshea mwenyewe. Muuguzi aliruhusu maji, akakataa jini. Marehemu akamtazama akasema, "Basi huyu mtoto atajua nusu," na muuguzi yule, Mungu ambariki, akageukia dirishani akaitazama theluji kwa muda wa kutosha. Mtoto alikunja uso. Ni huyo analia kule nyuma, Akua Serwaa, msimtoe nje, mwacheni alie.

Siku ile ile aliniita karibu, akaniuliza kwa sauti iliyobaki, "Wakikutaka useme nilijiuzulu, utasema nini?" Nikamwambia, Mama Mkubwa, nitasema ulivyotuambia. Akasema, "Hapana. Sema ilivyokuwa." Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, alfajiri, na sisi tuliokuwa tumejiaminisha kwamba atatungoja hadi Jumatano tulisahau ni nani tunayemngoja. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano, na sisi wengine wa tumbo la dada ambao hesabu yetu anaijua Mwalimu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, hasa yule aliyetazama theluji. Tunawashukuru majirani wa mtaa wetu waliosafisha njia ya nyumba kila asubuhi bila kuombwa, mawakili wenzake, wafanyakazi wenzangu wa kiwandani waliozitandika mbao hizi usiku kucha, kina mama wa Ufilipino wakiongozwa na Bibi Marites, aliyeketi hapa mbele na familia kwa sababu ndiyo familia, na ambaye sufuria zake ndizo mnazozinusa. Tunawashukuru hata ninyi wa mstari wa tatu, mliokuja bila bendera. Tuliwawekea viti kwa sababu naye angewawekea, na chakula kipo, kuleni.

Lakini mkirudi mkaulizwa mlichosikia, msije mkasema tulikuwa na uchungu tukapitiliza. Semeni mlichosikia. Akua Serwaa Bediako hakujiuzulu. Alifukuzwa uwaziri Jumatano tarehe 17 Aprili 2013, kwa kosa la kujibu swali aliloulizwa, na kama wangemrudisha kesho yake wakamuuliza tena, angejibu vilevile. Hayo ni maji, nasi tumesema ni maji.

Mama Mkubwa, wewe pumzika kwa amani. Sisi Jumatatu tunaingia zamu, na mkaguzi anakuja saa tatu.